Shahidi wa Kila Wosia: Tunamuaga Ate Petang

Tarehe 30 Septemba, Ofisi ya Wakili Dimaandal itaagana na mtu aliyeizoea kuliko Wakili mwenyewe. Bi Perpetua Magsombol, ambaye mji mzima unamwita Ate Petang, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Aliajiriwa na Wakili baba, akarithiwa na Wakili mwana, na amewavumilia wote wawili kwa moyo uleule.

Nakiri mapema, kabla watu hawajaanza kunong'onezana: Ate Petang ni mama yangu. Wakili aliniagiza niandike kama mtumishi wa ofisi, kwa kuwa kila likizo nimekuwa nikipiga chapa hapa, na nisichanganye mambo ya nyumbani. Nimejaribu. Lakini jambo kubwa lililompata katika kazi hii lilikuwa la ofisini na la nyumbani kwa pamoja, na mimi sijui pa kulikata.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa wosia za watu na kuzishuhudia. Wosia wa kupigwa chapa hutaka mashahidi watatu, na ofisi yetu ina watu watatu wasiokosekana: dereva, mama wa mgahawa wa jirani na Ate Petang. Ameshuhudia wosia akiwa na homa, akiwa na mimba, na mara moja akiwa amelala. Ndiye aliyemsikiliza bila kucheka mzee aliyetaka kumwachia paroko jogoo wake wa mapigano. Paroko alikuja ofisini kuuliza kama kukataa ni dhambi. Hakukataa, jogoo akaendelea kushinda, na paa la kanisa halivuji tena.

Walioipenda zaidi meza yake ni wale wanaoishi kinyumba, ambao kwetu hapa ni wengi kuliko tunavyokiri tukiwa misani. Walikuja na watoto mapajani, wakisema wao wanapendana, karatasi za nini? Ate Petang aliwapa viti, akawaambia, "Mkeo bila ndoa na bila wosia ni mgeni aliyekaa sana. Ukifa, ataombwa aage." Wengi walilia kidogo, kisha wakaomba kalamu.

Yeye mwenyewe ameishi na baba yetu, Mang Teryo, mwoka mikate, tangu kabla kaka yangu Rufo hajazaliwa. Hawajaoana, na sababu yake ni ya heshima kabisa. Kwetu ndugu wawili hawafungi ndoa mwaka mmoja, maana bahati ya mmoja itaila ya mwenzake, na familia ikifiwa harusi husubiri. Mang Teryo ana ndugu wanane. Kila mwaka ama mmoja wao ameoa au ameolewa, ama familia imezika. Mwaka huu ilidhaniwa njia ni nyeupe, hadi shangazi Mameng, mwenye miaka hamsini na tatu, alipotangaza kuwa amepata mchumba.

"Mameng, si ungesubiri kidogo," Mang Teryo akamsihi.

"Nisubiri mpaka nani anibebe kwenda kanisani? Nyie mna watoto watatu tayari. Mna haraka ya nini?"

Basi ndoa ikaahirishwa tena. Lakini moyo wa Mang Teryo ulikuwa umeanza kusumbua, na madaktari wa Manila walitaka kuupasua. Nyumba tunayoishi, pamoja na tanuri lililo mbele yake, aliachiwa na baba yake, na iko kwa jina lake peke yake. Sheria inawapa watoto nusu, wawe wema au wabaya. Nusu ya pili mtu anaweza kumpa amtakaye, mradi aandike. Asipoandika, nayo inawaendea watoto. Kwa hiyo, baada ya kuwahimiza wenzake kwa miaka yote hiyo, Ate Petang alimleta wake mwenyewe ofisini.

Ilikuwa siku nzuri. Wakili alivaa tai. Mang Teryo alisomewa, akaelewa, akatia sahihi. Dereva akashuhudia, mama wa mgahawa akashuhudia, na Ate Petang, ambaye mkono wake ukiona mstari mtupu haumsubiri mwenyewe, akashuhudia. Wakili akapiga muhuri. Tukala tambi ndefu za kuombea maisha marefu, sote tukiridhika na sheria.

Wiki mbili baadaye Mang Teryo alikuwa amelazwa Manila na Ate Petang alikuwa mezani pake na Aling Sepa, muuza samaki wakavu, aliyetaka bwana wake amwandikie wosia. Ate Petang akamwambia lile ambalo humwambia kila mtu: "Na anayepewa kitu asitie sahihi kama shahidi. Wakiwa mashahidi watatu tu na yeye ni mmoja wao, kitu chake kinapotea."

Kalamu yake ikasimama katikati ya neno.

"Mbona umeganda, Petang? Umekumbuka sufuria jikoni?"

"Nimekumbuka nyumba."

"Inaungua?"

"Afadhali ingeungua. Tungeona moshi."

Wakili aliutoa wosia kabatini, akausoma, akavua miwani, akausoma tena. Kisha akasema kwa huzuni, "Lakini muhuri umekaa vizuri sana."

Nimeruhusiwa kuandika hivyo, kwa sababu Wakili ni mtu mwenye kujicheka, hasa akiwa na wageni. Jioni hiyo Rufo, kaka yetu mkubwa, naye alijaribu kuchekesha. "Kwa ilivyo sasa, Mama, Baba akituacha nyumba yote ni yetu watoto. Usijali, tutakupangisha kwa bei ya kindugu."

Hakucheka mtu, hata yeye. Mimi nilikuwa nasuuza vyombo, nikaendelea kusuuza sahani moja hadi mama akanipokonya. Mwanamke yule alikuwa ameumua unga wa nyumba ile kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na sasa mimi, ambaye siwezi hata kumwomba mwenye duka anirudishie chenji, ningekuwa mwenye nyumba wake. Nilitaka kumwambia hatutamfukuza. Nikaona aibu kwamba kuna haja ya kusema.

Upasuaji ulikuwa Alhamisi. Jumatano asubuhi Wakili alimwambia njia iliyobaki, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, aliisema kwa ufupi.

"Aandike mwenyewe. Yote kwa mkono wake, atie tarehe na sahihi. Wosia wa namna hiyo hautaki mashahidi."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe, Petang. Usiguse hata kalamu."

Mimi na Ate Petang tulikwenda Manila kwa basi lililofuata. Yeye alisimama kando ya kitanda, mikono kaifunga mgongoni kama mtoto aliyeonywa dukani. Mang Teryo, tangu aache shule, alikuwa hajaandika chochote isipokuwa majina ya watu juu ya keki. Akaandika vivyo hivyo, kwa herufi za mikia na vitanzi, akiuma ulimi, na baada ya kila neno akarudi nyuma kutazama kama limekaa katikati.

Muuguzi akachungulia. "Mzee, barua ya mapenzi hiyo?"

"Ni nyumba hii, mwanangu. Usiisukume meza."

"Fanya haraka, Teryo," Ate Petang akasema.

"Shahidi hana ruhusa ya kusema."

"Mimi si shahidi."

"Basi hata hapa usingekuwepo."

Akatia tarehe, akatia sahihi, akataka kuchora ua pembeni. Akakatazwa na watu watatu kwa pamoja.

Wosia ulisema hivi, na nimepewa idhini na wote wawili: "Nusu ya nyumba na tanuri, ile niliyoruhusiwa kumpa nimtakaye, nampa Perpetua. Nusu nyingine ni ya watoto, na yeye ndiye atakayewaonyesha pa kulala." Ate Petang aliusoma mara moja, kwa macho ya kazini, akitafuta kosa. Hakulipata. Ndipo akaketi.

Mang Teryo alipasuliwa, akashonwa, akarudi nyumbani akiulalamikia mkate wa hospitali, na Jumapili hii ndiye atakayetuletea keki ya kuagana. Wosia wake uko kabatini kwa Wakili, nao ndio wosia pekee wa mji huu unaotia watu njaa.

Kwa niaba ya ofisi, ya wote waliokaa kwenye kile kiti wakapewa kalamu, na ya wenye nyumba wako watatu wa siku za usoni, ahsante, Ate Petang. Pumzika, lala mpaka jua litoke, na usitie sahihi chochote. Tunawatakia wewe na Mang Teryo umri mrefu sana, na katika huo, wewe umzidi kidogo.