Nyaya Tupu na Njiti za Kiberiti

Ndani ya basi la Faisalabad, kiti cha mbele yangu, binti mshonaji alimwonyesha plagi mpya mzee fundi baiskeli aliyeketi kando yake. “Kiwandani tunachomeka nyaya tupu kwenye soketi, tunazikaza kwa njiti za kiberiti. Jana Shagufta, mwenzangu, kapigwa shoti. Leo siwashi cherehani mpaka hii ifungwe.”

“Njiti tunazitumia tangu ujana wangu,” mzee akacheka. “Utafukuzwa!”

“Bora nifukuzwe mzima, mjomba.”

“Wabishi nyie!” Lakini nilimwona akichomoa bisibisi mfukoni na kumpa. “Mwambie fundi umeme wenu azime swichi kuu kwanza.”

“Nitakurudishia jioni, kwenye kibanda chako cha baiskeli.”

“Ukifukuzwa, utanirudishia asubuhi hii hii.”

Basi likasimama langoni mwa kiwanda. Binti alishuka akiwa amefumbata vyote viwili.