Moto Uliozimwa Tunda

Mtumbwi wa mota ulikuwa unatuvusha kutoka Kindu kwenda Alunguli. Mbele yangu, mama kijana mmoja alimpakata mtoto aliyekuwa anapumua kwa shida, kifua kikikoroma, na mkononi alishika mkebe wa dawa ya mbu ya kupuliza, yenye harufu ya maua. Mama mmoja muuza chumvi alisogeza mzigo wake ili mtoto anyooshe miguu.

"Usipulize ile ndani ya nyumba," akasema. "Anika godoro kwa jua. Jiko utoe nje."

"Nje, Mama? Majirani waone kila siku njo sombe tu?"

"Waone! Sombe haiuwi mutoto. Moshi njo inamukaba."

Tulicheka, hasa sisi tunaopika majani hayo ya muhogo kila siku, yaani sote.

Yule muuza chumvi akashusha sauti. "Wakati wa vita tulikimbilia kijiji ya Tunda. Mutoto wangu Axel alikuwa anapumua hivi hivi kama huyu. Kupika nje haikuwezekana, wenye bunduki wangeona moshi. Mwenye nyumba, mutu asiyenijua, akamwaga maji kwenye moto wake. Yeye na watoto wake wakakula ndizi mbivu na karanga mbichi, mpaka kifua ya Axel ikafunguka."

Mimi mwenyewe nilisahau kwamba naogopa mto.

"Na mvua ikinyesha, Mama, jiko itabaki nje?" akauliza yule mama kijana, mkebe bado mkononi.

Mtumbwi ukagusa mchanga. Kijana aliyekuwa nyuma kwenye mota akapaza sauti iliyofika ng'ambo zote mbili: "Alunguli! Mushuke pole pole!"

"Tumesikia, Axel," akajibu mama yake.