Shemeji Aliyeupima Utani

Ndugu waombolezaji, familia imeniomba mimi, mdogo wa mwisho wa marehemu mume wake, niwasomee maisha ya shemeji yangu, na imenionya nisome kilichoandikwa bila kutia chumvi, nami nimekubali shingo upande.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1956, akaendelea na sekondari ya bweni, na mwaka 1973 akahitimu chuo kikuu katika saikolojia, fani ambayo baba yake aliamini ni ya kusoma mawazo ya watu, kwa hiyo tangu hapo akawa anakaa naye mbali kidogo.

Mwaka 1974 aliajiriwa hospitali kuu, kliniki ya wazee, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye meza moja na viti vitatu, kwa kuwa mgonjwa wa kusahau haji peke yake. Huko alikabidhiwa dodoso kutoka ng'ambo, la kupima kama mgonjwa bado anaweza kuishi na watu, likiuliza kama anajipikia na kama anaendesha gari, na mzee ambaye hajawahi kukaanga hata yai tangu azaliwe aliandikwa kwamba ugonjwa umemnyang'anya mapishi. Marehemu alisema huo ni upuuzi mtupu, akashirikiana na wenzake wa nchi nyingine kutafuta maswali yanayolingana uzito hata kama hayafanani maneno, kwamba je, mgonjwa anatoa pole panapostahili, anachunga ulimi mbele ya wakwe, na anamtania yule wa kutaniwa. Hilo la mwisho wenzake walilicheka, yeye akaling'ang'ania, likapita.

Alifunga ndoa na kaka yangu tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na siku hiyohiyo ya harusi mimi nikaanza kumwita mke wangu, naye akanijibu kwamba duka limeshafungwa, na hatukuacha tena, hata baada ya kaka kututoka mwaka 2011.

Ugonjwa wa kusahau, ule ule alioutibu, ulimwanza mwaka 2017. Mwaka 2020 watoto, wakihofia jiko na geti, walikaa kikao kuamua kama wampeleke makao ya wazee, jambo ambalo mama alilikataa kwa machozi, wakakubaliana wafuate kipimo, na daktari akaja nyumbani na dodoso la marehemu mwenyewe. Alama zilikwenda vizuri kiasi hadi swali la utani, binti mkubwa akajibu kwa masikitiko kwamba mama hamtanii mtu tena, na ni kweli, kwa sababu binti huyohuyo, kwa huruma, alikuwa amekataza mtu yeyote kumtania mama mgonjwa, tukawa sote tunamsemesha kwa adabu kama mgeni. Jamani, angetaniana na nani, na kabati? Nilivunja katazo palepale, nikamwita mke wangu, nikauliza mbona nimekaa muda wote huu bila hata chai, naye akanitazama sana, jina langu halikumjia, lakini akasema kwamba sura hiyo ndiyo iliyomfanya amchukue kaka mtu. Daktari alicheka mpaka kalamu ikamdondoka, binti akalia, na mama hakuhamishwa, akatafutiwa msaidizi wa kukaa naye.

Aliishi nyumbani kwake, akitaniwa kila siku, hadi nimonia ilipomlaza hospitali, akafariki Jumanne tarehe 21 Februari 2023, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa wamemshika mikono. Ameacha watoto watatu na wajukuu sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, msaidizi wake wa nyumbani, majirani walioleta viti na maturubai, pamoja na wenzake wa kliniki, ambao wametuambia kwamba lile swali bado linaulizwa.

Mke wangu, nimesoma yote kama walivyoniagiza, na imeniuma kuliko nilivyodhani, maana nimekusema mbele za watu wote hawa na wewe hukunijibu. Pumzika kwa amani.