Kiingilio ni Wimbo

Benchi la kijiweni limeegemea ukuta wa kinyozi, na kila Jumamosi asubuhi hukaliwa na wale wale: Kinyozi mwenyewe, akingoja vichwa, Profesa, karani mstaafu asiyekosa jibu, na Spana, fundi baiskeli. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi ambamo wazazi na watoto wao wadogo hukaa mkekani, wakaimba na kupiga madebe saa nzima. Siku hiyo Spana alikuja na bintiye wa miaka miwili na nusu. Mkewe alikuwa amebadilishiwa zamu kazini, akaacha agizo: mpeleke, usinitie aibu. Mtoto alikuwa hasemi kitu, lakini wiki tatu za ukumbini zilikuwa zimemtoa maneno manne. Yote manne Spana alisimuliwa tu, naye alilitaka la tano alisikie kwa masikio yake. Tatizo ni kwamba mle mzazi haingii kutazama. Anaimba, na Spana aliona haya.

— Unangoja nini? Wenzako wameshaanza, alisema Kinyozi.

— Namalizia kahawa.

— Kahawa gani? Kikombe kikavu hicho!

— Mwache, akadakia Profesa. Hamjui kinachofanyika mle. Yale madebe ni mtihani. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Basi mtoto akipiga sana, anaandikwa kwamba kichwani hamna kitu.

— Mtihani wapi! Mimi kaniambia mteja, tena wembe uko shingoni, kwa hiyo hakudanganya. Ni njama ya kina mama. Mwanamume akishaimba habari za sungura mbele za watu, hana tena uso wa kugomba nyumbani. Kesho utamkuta anafua nepi.

— Nepi mbona nafua siku zote, alisema Spana.

— Mnaona? Na hata hajaimba!

Spana akacheka, lakini hakuinuka. Debe lilipolia ng'ambo, mguu wa bintiye ulicheza pajani pake. Aliuona.

— Tena sikieni, Profesa akashusha sauti. Chini ya ule mkeka kuna mashine. Watoto thelathini wakipiga pamoja, umeme unapatikana. Mbona taa za mtaa ziliwaka jana?

— Jana Ijumaa, Profesa. Hawakuwepo.

— Umeme wa akiba. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mimi najua moja tu, Kinyozi akahitimisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndiyo maana wangu sikumlea kabisa, nisije nikamharibu.

Mara mlango wa ukumbi ukafunguka, akatoka baba mmoja kijana, mgeni mtaani, kitoto kimefungwa kifuani, jasho linamtoka. Akavuka mbio hadi kwenye benchi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

— Nisaidieni. Leo kila mzazi anatoa wimbo wa kubembelezea mtoto, ule wa nyumbani kwake. Zamu yangu inakaribia na mimi sina. Ninyi wenu mliwaimbia upi?

Kinyozi akaanza kupangusa mkasi uliokuwa safi. Profesa, baba wa watoto sita, akainua macho kuzitazama taa za mtaa.

— Hata mmoja, Profesa? Kati ya wote sita? Spana aliuliza, wala hakuwa anamtania.

— Nilikuwa narudi wameshalala.

Spana alimwangalia mzee yule ambaye yeye humcheka kila Jumamosi, akashikwa na woga, na woga huo ulikuwa mkubwa kuliko zile haya zake zote. Akaweka kikombe chini, akambeba bintiye.

— Haya, na wewe unakwenda kuimba nini? Kinyozi akauliza.

— Sijui, ndugu yangu. Lakini huyu wangu bado yuko macho.

Akavuka barabara na yule kijana, wote wawili hawana wimbo.