Kisanduku cha Aliyemwacha

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya chumba cha kuchapa na kutoa kopi, pale kwenye kona ambapo kila anayepita lazima apunguze mwendo. Kila Jumamosi asubuhi kinyozi wa jirani, ambaye walimwita Wembe kwa sababu ya ulimi wake zaidi ya kazi yake, alikuja na birika la kahawa na dadu mbili mfukoni, na mchezo ukaanza. Ulikuwa mchezo wa kubuni watu. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa kufikirika, kamwandika kwenye karatasi: jina, nguvu, akili, uhai uliobaki, mizigo aliyobeba. Wembe alisimulia safari, wenzake wakasema watu wao wanafanya nini, na dadu ndizo zilizoamua nani kafaulu na nani kaumia. Walikuwa wamecheza hivyo mwaka mzima, na karatasi zilifutwafutwa hadi zikatoboka pale penye uhai.

Ndiyo maana dada wa chumba cha kuchapa, waliyemwita Kopi, akaamua kuwatengenezea karatasi mpya. Aliishughulikia wiki nzima, kila wateja walipopungua: visanduku vilivyonyooka, mistari ya kuandikia, na pembeni nafasi ya kuchora sura. Jumamosi hiyo alitoka na nakala moja tu ya kuwaonyesha. Wakishakubaliana, angechapa ya kila mtu. Moyoni alikuwa na lake. Mchezo ulikuwa umesimama kwa wiki tatu, na alidhani karatasi mpya ingewarudisha watu.

Ulisimama kwa sababu ya ndugu wawili. Mkubwa, Cheche, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mdogo wake, Pindo, fundi cherehani. Mara ya mwisho, askari wa Cheche alifunga lango la ngome huku tabibu wa Pindo akiwa bado nje na maadui wanamjia. Cheche alisema dadu ndizo zilizoamua. Pindo alikunja karatasi yake, akaondoka, kahawa yake ikapoa pale benchini. Kila mtu alijua shida haikuwa lango. Mwaka juzi mama yao aliugua miezi mitano. Pindo ndiye aliyemgeuza kitandani, ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemfumba macho. Cheche alikuwa mbali kwenye kazi ya kujenga matangi, akafika siku ya tatu baada ya mazishi.

Leo walikuja wote wawili. Kila mmoja alishika ncha yake ya benchi, Kopi na Wembe wakabaki katikati kama ukuta. Kopi aliiweka karatasi mapajani, akasema anayetaka kuongeza kitu aseme sasa.

Cheche alianza. Alitaka nguvu ipewe visanduku vitatu, mkono wa kulia, wa kushoto na mgongo, maana yeye mwenyewe ana mgongo wa chuma na mkono wa kushoto usioweza kufungua hata chupa. Wembe akadakia kwamba nguvu si kitu, la maana ni meno. Askari mwenye jino bovu atapigana vipi na baridi inampuliza mdomoni? Kisha akataka kisanduku cha ukubwa wa kisogo, kwa kuwa katika kunyoa kwake kote hajaona mwoga mwenye kisogo kikubwa. Kisha cha ndoto za babu mzaa mama, kwa kuwa hofu inarithiwa kama masikio. Kopi aliandika yote pembeni huku akicheka kidogo, akitumaini kicheko kitafika kule kwenye ncha za benchi.

— Hii itafika kurasa tisa, alisema.

— Basi kiwe kitabu, Wembe akajibu. Nani anaenea kwenye ukurasa mmoja?

Pindo hakuwa ametia neno. Kopi akamgeukia, akamuuliza yeye angependa kuongeza nini. Pindo alichukua penseli mkononi mwa Kopi, akachora kisanduku chini ya mizigo, kimenyooka kama mstari wa chaki kwenye kitambaa. Ndani akaandika: Aliyemwacha.

— Kila mtu ajaze, alisema. Mtu wake alimwacha nani.

Cheche aliweka kikombe chini.

— Sema na mimi, usiseme na karatasi.

— Karatasi haiondoki.

Kopi alitamani kuichana ile karatasi, lakini tayari Cheche alikuwa ameinama kuisoma.

— Basi ongeza na kingine, Cheche alisema. Aliyefichwa. Kwenye simu uliniambia mama ana homa kidogo. Ukasema, kaka, endelea na kazi, ni homa tu. Miezi mitano, homa tu.

— Mama mwenyewe ndiye aliyesema nikuambie hivyo. Alikuwa amekaa pembeni yangu, anasikiliza. Nami nikangoja ujue mwenyewe.

— Ningejuaje?

— Ulikuwa unaongea naye kila Ijumaa.

Cheche alisugua makovu madogo ya moto mkononi mwake, moja baada ya jingine.

— Sauti ilikuwa imepungua, alisema. Niliisikia. Nikajiambia ni mtandao.

Pindo aligeuza uso upande wa barabara. Wembe alitazama dadu zake.

Mlangoni palikuwa na mama mmoja mwenye bahasha, aliyekuja kutoa kopi za vyeti. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Aliuliza ile karatasi ni ya nini, na Wembe, kwa kushukuru kupata la kusema, akamweleza kwamba ni ya mchezo, ya watu wa kubuni. Yule mama akaiinamia, akafuata visanduku kwa kidole hadi kile cha penseli.

— Hapa anaandika aliyemwacha?

— Ndiyo, mama, Kopi akajibu.

— Na akirudi, anaandika wapi?

Kopi aliangalia karatasi yake: visanduku vya wiki nzima, mistari, nafasi ya sura, pembeni meno na visogo. Hapakubaki pa kuweka hata herufi moja.

Akaiacha benchini, akaingia ndani kutoa kopi za yule mama. Mashine ilipokuwa ikinguruma, alitega sikio, akisubiri kusikia mmoja wao anaondoka. Mama alipokwenda zake, Kopi akasimama mlangoni. Walikuwa bado wapo. Wembe amehamia kwenye tofali la kando, na ule ubao mrefu ukabaki na ndugu wawili, karatasi ikiwa katikati yao.

— Sasa nichape hivihivi? aliuliza.

Cheche alimtazama mdogo wake. Pindo alisogea kidogo, akaivuta karatasi penye mwanga wa jua, akaigeuza upande wa nyuma, ule mweupe.

— Usichape bado, alisema.