Mgongo Niliomkanyagisha Mjukuu Wangu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wenzangu wakija hapa mbele huanza na wimbo. Mimi sauti yangu mnaijua, imekwisha kwa kuita abiria wa mabasi, kwa hiyo nitasema tu. Na niruhusuni niseme nikiwa nimekaa. Mgongo umepona, lakini nikisimama sana unanikumbusha, na habari yenyewe ni ya huo huo mgongo.

Wengi mnajua nauza vitunguu pale stendi ya Mikumi. Basi likisimama tunakimbilia madirishani, beseni juu, shingo juu, "vitunguu mama, vitunguu anko!" Nimeifanya kazi hiyo tangu mwanangu wa kwanza ananyonya, na sasa ana watoto wake. Basi, tangu masika mgongo ulikuwa unaniuma katikati ya mabega. Jioni najisikia homa. Nguo zikaanza kunipwaya. Shoga yangu mmoja akaniambia nimependeza, nimerudi usichana. Nikafurahi jamani, sikujiuliza huo usichana umetoka wapi.

Siku moja likasimama basi la Mbeya. Abiria mmoja akawa anachagua vitunguu kimoja kimoja kama anachagua mchumba, na mimi mikono iko juu na beseni langu. Dereva akaondoa gari. Nikajipinda kulivuta beseni lisigongwe, na hapo hapo nikasikia kitu kimenichoma kuanzia shingoni kikashuka mgongo mzima. Vitunguu vikatawanyika chini ya magari. Mimi nimekakamaa kama mti, shingo haiendi kulia wala kushoto. Wenzangu walicheka kwanza, maana mimi ni mtu wa utani. Walipoona machozi ndipo wakanishika wakanipeleka nyumbani.

Nyumbani kila mtu alikuwa na ushauri wake. Mmoja akasema nimetupiwa kitu, nitafutiwe mtaalamu. Mwingine anamjua mzee mmoja wa kuchua kwa mafuta. Mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu, akasema, "Mama, twende zahanati. Wakituambia twende Kilosa, twende Kilosa." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia, "Nikakae kwenye benchi kutwa nzima kwa ajili ya mgongo? Dawa ya mgongo mbona ipo humu humu ndani."

Dawa yenyewe ni mjukuu wangu, mtoto wa huyo mkwe. Alizaliwa akitanguliza miguu, na mimi ndiye niliyempokea. Mnajua kwetu milimani tunavyoamini, na hata hapa barabarani nimewakuta watu wa makabila mengine wanaamini hivyo hivyo, kwamba mtoto wa namna hiyo akikukanyaga mgongo, unapona. Tangu alipoanza tu kutembea vizuri, alikuwa anaitwa kukanyaga watu. Madereva wa malori wamekanyagwa. Wazee wamekanyagwa. Humu kanisani yupo mtu alikanyagwa, simtaji, ila naona ameinamisha kichwa. Mtoto anapewa biskuti, mimi naketi pembeni nimevimba kwa sifa. Nilikuwa namtangaza kuliko vitunguu vyangu.

Mkwe wangu akasema, "Mama, mtoto amekua. Ana miaka tisa sasa, ni mzito. Na huo mgongo wako naona si wa kawaida." Nikamwambia, "Wewe ulimzaa, lakini mimi ndiye niliyeiona miguu yake kabla yako." Atamjibu nini mama mkwe wake? Nikalala kifudifudi kwenye mkeka, nikamwita mtoto.

Akapanda. Akaanza kiunoni, akawa anakuja juu polepole, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Alipofika karibu na mabega nikasikia ndani ya mwili wangu kama kuni kavu imekatika. Nikapiga kelele, na maneno niliyoyasema ni haya: "Umenifanya nini wewe mtoto?" Ndugu zangu, nawaambia, maumivu ya siku ile nimeyasahau. Hayo maneno sijayasahau.

Kesho yake miguu ikawa mizito. Siku iliyofuata sikuweza kusimama, na chini ya kiuno nilikuwa nashikwa nisijue kama nashikwa. Akina mama wakaja kunipa pole. Wameketi pale, mmoja akasema, "Mguu wa huyu mtoto umegeuka. Ulikuwa baraka, sasa una mkosi." Wengine wakaitikia. Mtoto yuko mlangoni ameshika kikombe changu cha uji, anasikia yote. Nami nimelala, nina mdomo, nina akili zangu timamu. Nikageuza macho ukutani.

Mkwe wangu hakuniuliza tena. Alimpigia mume wake, ambaye yuko Kidodi kwenye malori ya miwa, gari likapatikana, nikabebwa na mkeka wangu mpaka hospitali Kilosa. Mimi nalalamika njia nzima kwamba sijaheshimiwa. Ni kweli alinikosea adabu, na ndiyo maana leo nina miguu.

Wakanipiga picha, wakachukua na vipimo vingine. Mwishowe daktari akaniambia nina TB ya mifupa. Nikamwambia, "Baba, mimi sikohoi, TB ya wapi?" Akanieleza kwa upole kwamba TB si ya kifua tu, inaweza kukaa kwenye uti wa mgongo ikala pingili taratibu. Homa zile za jioni, kupungua kule, ndiyo yenyewe ilikuwa inanila. Akauliza kama nilichuliwa au kuvutwa. Nikamweleza habari ya mjukuu. Akasema, "Bibi, mfupa ulikuwa umeshaliwa, ungeweza kuvunjika hata ukiinua ndoo. Lakini mgongo wa namna hii haukanyagwi. Ungekuja siku ile ile, huenda miguu isingefika huku."

Nilipewa dawa, nikafungwa mkanda mgumu, nikalala sana. Zile dawa nilizimeza miezi mingi, hata nilipojiona mzima. Miguu ilirudi kidogo kidogo, kwanza vidole, tena magoti. Nikajifunza kutembea nikishika ukuta. Siku nilipofika chooni peke yangu nililia kwa furaha, na mkwe wangu naye akalia nje ya mlango.

Sasa hapa ningemaliza, mngepiga makofi tukaimba. Lakini bado.

Niliporudi nyumbani, mjukuu wangu alikuwa ananiamkia kutoka mlangoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba, njoo mke mwenzangu, njoo unikumbatie." Haji. Huyu mtoto tulikuwa tunalala kitanda kimoja! Nikaona kitu kingine. Anavaa soksi, ndani ya nyumba, kwa joto hili la Mikumi. Mama yake akaniambia hazivui mbele ya watu, anaosha miguu akiwa peke yake. Na wapo watoto walikatazwa na wazazi wao kucheza naye.

Mimi maneno ya daktari ninayo. Ningeweza kuyasema siku ile ile niliyorudi, yangemtosha. Sikuyasema. Wiki zikapita nikiziangalia zile soksi, na bado sikusema. Mnajua kwa nini? Kama si mguu wa mtoto, basi ni mimi. Ni mimi niliyekataa hospitali. Ni mimi niliyemnyamazisha mama yake. Aibu hiyo niliiona kubwa kwangu, nikamwachia mtoto wa miaka tisa aibebe. Mungu anisamehe.

Jumamosi moja nikashindwa. Nilikuwa najaribu kuomba, kila nikifumba macho naiona ile miguu. Nikamwita, nikamkalisha kitandani, nikamweleza yote aliyosema daktari, kwamba ugonjwa ulikuwepo, kwamba si yeye. Alinisikiliza vizuri, kichwa chini. Kisha akasema, "Lakini bibi, mimi nilisikia. Pale juu palikuwa panabonyea. Nikakuuliza, bibi, niache? Ukasema endelea."

Ndugu zangu, ni kweli aliuliza. Na sikuwa nimesahau, nisiwadanganye. Nilikuwa nimeliweka pembeni hilo swali lake ili nisilione.

Nikamwambia, "Ni kweli, nilisema endelea." Akaniuliza, "Sasa kwa nini hukuwaambia wale mama?" Nilimshika mikono tu, na yeye akaniacha nimshike.

Ndiyo maana nimekuja mbele leo. Nawashukuru akina mama mlioniuzia vitunguu vyangu nilipokuwa kitandani, nanyi mlionibeba. Nawashukuru madaktari na manesi, hasa yule binti wa kliniki aliyekuwa ananigombeza nikichelewa kufuata dawa. Mkwe wangu, asante. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza, nami nikakufunga mdomo kwa ukubwa wangu.

Wapendwa, mgongo au shingo ikikushika ghafla, na hasa kama una homa au unapungua au miguu inakuwa mizito, usilale kwenye mkeka. Nenda ukapimwe kwanza. Kuomba tutaomba, hata kwenye benchi la hospitali panaombeka. Na mtu yeyote asije tena kwangu kumwomba mtoto amkanyage.

Sikuja kumtaja mtu, na yule aliyesema mkosi simtaji. Ila huyu mtoto alisemwa mbele ya watu, kwa hiyo kumnong'oneza chumbani hakutoshi. Mjukuu wangu, uko pale na mama yako, nakuona. Watu wote hawa wasikie. Wewe uliuliza uache. Mimi ndiye niliyesema endelea.