Mti wa Kwenye Simu ya Mama Yenu

Aliyenisimulia kwanza habari hii ni muuza mkaa wa pale kona, asubuhi ya siku tuliyomzika mama yenu. Nawaachia kama alivyonipa, maana kila mmoja wenu sasa anaisimulia kivyake.

Sikilizeni wanangu. Mnajua kwamba dada yenu ndiye aliyesanifu ile programu ya benki, yenye mti unaochipua mtu akipunguza kununua mkaa na mafuta, na kudondosha jani kila anapovilipia kwa simu. Nia ilikuwa njema, na wengi walibadilika. Hata mimi nilianza kwenda kazini kwa miguu. Lakini mama yenu hakuuona kuwa picha tu. Ulikuwa mti wa mwanawe. Aliwatambia majirani, "Shamba langu hili halitaki jembe," na akipita kwa muuza mkaa anachokozwa, "Mama, huo mti wako umeapa kunifilisi?" Anacheka. "Leo sinunui, baba. Mwanangu ataona jani limeanguka."

Dada yenu hakuwa akiona kitu. Mti wa mtu huonekana kwenye simu yake tu. Hakuna aliyefikiri kumwambia mama yenu hivyo.

Kwanza ilikatika chai ya jioni, nikadhani ni uzee. Kisha akaacha kuchemsha maji ya kunywa, akawa anayaacha yatulie ndooni na kuchota ya juu. Mimi nilikuwa nakunywa ya kazini. Homa ya matumbo ilipomkuta, mwili haukuwa na nguvu ya kupigana nayo.

Wewe, kifungua mimba, ulikuwa ubavuni mwangu muuza mkaa aliponieleza. Ukamgeukia dada yako mbele ya waombolezaji: "Umemuua mama kwa katuni." Tangu hapo hajakanyaga hapa. Leo nimemwita mimi. Yuko kibarazani, namjua kwa kikohozi chake.

Nyumba ni yenu nyote, ila jiko la mama yenu nampa yeye, na asiwepo wa kumhesabia siku za kukaa. Na wewe binti yangu, kama unanisikia huko nje, kazi yako usiiache. Lakini kabla hujaamua jani lipi lianguke, ingia jikoni kwa watu, uulize moto ule unapika nini. Moto wa maji ya kunywa usimwangushie mtu jani.

Ngoja... nivute pumzi.

Kifungua mimba, fungua mlango wewe, kwa mkono wako. Mchemshieni chai, ametoka mbali. Mungu awaweke pamoja... awape vifua vyepesi kuliko hiki changu.

Mama yenu hayupo. Muuza mkaa alimfuata mwaka jana. Simu ya mama yenu iko hapa chini ya mto. Kila nikiiwasha, mti una majani yote. Mimi nipo bado... kidogo. Dada yenu yu hai, na amesimama nje.